Chokaa ya Bwawa la Ozella

Ozella Tarver aliusikia mlio wa maji kabla hajaliona bwawa. Alisimama katikati ya misonobari, kikombe cha kahawa mkononi, akatega sikio. Kule chini kijito kilikuwa kinanguruma kama baada ya mvua kubwa, na mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi.

Alipopanda juu ya tuta, kikombe kilimponyoka. Nusu ya bwawa ilikuwa imekwenda. Kingo zilikuwa tope tupu, na juu ya tope umelala weupe wa chokaa aliyoimwaga mwenyewe wiki iliyopita, koleo kwa koleo. Koki kubwa ya chuma iliyo chini ya tuta, ambayo haikuguswa tangu baba yao afariki, ilikuwa wazi mpaka mwisho. Kando yake kwenye nyasi kulikuwa na spana ndefu yenye mpini mwekundu. Katika kaunti ile mtu aliyepaka vifaa vyake vyote rangi nyekundu alikuwa mmoja tu: kaka yake, Thurman.

Aliichukua spana ile ile akaifunga koki, akining'inia juu yake kwa uzito wake wote, mwanamke wa miaka sitini na ushee aliyestaafu udereva wa basi la shule. Maji yalipokata ndipo akawaona samaki. Bomba lilikuwa limewatema kwenye mawe ya kijito, na wengi walikuwa wakubwa, wale aliowategemea kuwa wazazi wa bwawa zima. Baadhi walikuwa bado wanafungua midomo. Ozella alirudi nyumbani kuchukua ndoo. 

Bwawa lile lilichimbwa na baba yao. Alipokufa, Thurman alipata nyumba ya barabarani, Ozella akapata bwawa na msitu unaolizunguka, na hakuna aliyenung'unika. Ila miaka ya karibuni maji yalikuwa maangavu mno. Wageni waliyasifu. Ozella hakuyasifu, kwa sababu maji ya namna hiyo ni maji yenye njaa. Brimu, wale samaki bapa ambao baba yao aliwapenda kuliko nyama, walikuwa vichwa vitupu, miili yao myembamba kama visu. Alitia mbolea ili maji yapate ukijani unaolisha wadudu, nao wadudu wawalishe samaki. Mbolea ikapotelea humo kama chumvi baharini. Mwishowe bwana shamba wa kaunti akaja, akachota tope la chini, akaenda kulipima. Akarudi na jibu kwamba asidi imezidi, pH iko chini mno, na mbolea bila chokaa ni kazi bure. Akamshauri aimwage wakati wa baridi, ipate muda wa kukolea kabla miti haijachipua.

Basi Ozella na jirani yake Hosea Blount, mzee mjane mwenye mgongo mbovu, walifunga pamoja mashua mbili bapa, wakatandika mbao juu, wakapakia chokaa na kuimwaga bwawa zima, huku na huku, bila kuruka pembe. Thurman alikuwa akipita na lori lake dogo, anapunguza mwendo, anatazama, anaondoka. Jumapili kanisani alimuuliza mbele za watu kama ameamua kulizika bwawa la baba. Watu wakacheka. Ozella akamjibu kwamba asiyesaidia kupakua mzigo asiulize una nini. Wakaishia hapo, kila mtu na kinyongo chake.

Sasa, ndoo ikiwa imejaa samaki wale wa kijitoni, aliingia jikoni kwa Thurman bila kubisha hodi. Corinne, wifi yake, alikuwa anapakua mayai na uji mzito wa mahindi. Ozella aliinua ndoo akaimwaga mezani. Samaki waliteleza katikati ya sahani, mmoja akaangukia mapajani mwa Thurman.

"Kula," akasema. "Umevua usiku kucha, usije ukafa njaa."

"Wifi, jamani, meza yangu," Corinne akasema, amerudi nyuma mpaka ukutani na sufuria yake.

"Mwulize mumeo habari za meza yako."

Thurman hakukana. Buti zake zilikuwa bado na tope. Alimwondoa yule samaki mapajani taratibu, akamlaza pamoja na wenzake.

"Bora wafe hawa kuliko wote," akasema. "Nilikuwa naitoa sumu yako kabla haijalimaliza bwawa la baba."

"Bwawa la nani?"

"La baba."

"Baba amekufa, Thurman. Bwawa ni langu. Ungetaka kujua nimetia nini, ungefungua huo mdomo wako ukaniuliza."

"Nikuulize nini mimi? Nimekula ujana wangu kwenye tanuri la chokaa pale kiwanda cha karatasi. Ivory Gaines, chokaa ilimrukia machoni nimesimama naye hivi. Nikamwagia maji, kumbe ni kidogo tu, na maji kidogo ndiyo yanayoichemsha. Mpaka leo mkewe anamshika mkono kumpeleka chooni. Halafu nakuona wewe na huyo mzee Blount mnaikoroga majini, mmekuwa weupe kama mizimu. Ulitaka nikae tu?"

Ozella alimjua Ivory Gaines, na hakuwahi kusikia alivyopofuka. Kwa muda mfupi hasira ilitaka kumshuka. Hakuiruhusu. Alitoka nje, akakomba ukufi wa chokaa iliyosalia nyuma ya lori alilokuja nalo, akarudi nayo jikoni. Alisimama mbele ya kaka yake akaitia yote mdomoni.

Corinne alianguka kitini. Thurman aliruka kumshika mkono, akachelewa. Ozella alitafuna, ikalia menoni kama mchanga, kisha akachukua kahawa ya Thurman akaishushia.

"Ile ya kwenu ilichomwa motoni," akasema. "Hii ni jiwe lililosagwa. Jiwe tu. Kuku wa mkeo wanalishwa hii hii, mayai yasiwe na maganda laini."

Thurman aliutazama mdomo wa dada yake kana kwamba anasubiri uanze kutoka damu. Haukutoka. Rangi ilimshuka usoni.

"Sikujua, Zella."

"Hukuuliza. Uliona rahisi kuamini kwamba mimi ni mjinga. Umewaua wale niliokuwa nawalisha, na asubuhi umeketi hapa unakula."

Thurman alisema atakuja kumsaidia kusafisha. Ozella akamwambia mguu wake usikanyage tuta lile, akachukua ndoo yake, akaondoka na kuwaachia samaki wao.

Bwana shamba alipoliona tope alimtuliza kidogo: chokaa iliyokwisha tua chini ingebaki, ni ile ya majini tu iliyopotea. Ozella na Hosea waliongeza iliyopungua. Februari mvua zikaja kwa hasira, bwawa likajaa, na miti ilipochipua maji yakashika ukijani, hata ukizamisha mkono mpaka kiwiko huvioni vidole. Brimu waliosalia wakanenepa.

Kila Jumamosi Thurman alikuwa anakuja, anasimamisha lori nje ya uzio, anakaa humo akitazama. Hakuingia. Corinne alikwenda kumwombea msamaha. Ozella akamkaangia samaki, akamfungia na wengine wa kupeleka nyumbani, na la msamaha hakulijibu.

Mwezi wa sita Ozella alipita karibu na uzio, ufito wa kuvulia begani. Thurman akashusha kioo.

"Litahitaji chokaa tena?"

"Baada ya miaka kadhaa. Ndiyo."

"Utaniita?"

Ozella alifikiri. Alitaka kumwambia hapana na kuondoka, na neno lilikuwa tayari ulimini.

"Nitamwita Hosea," akasema. "Wewe nitakuambia. Kuambiwa si kuitwa."

Thurman aliitikia kwa kichwa, kioo bado kiko chini, naye Ozella akaendelea na safari yake kuelekea majini.