Upepo Ulipogeuka Juu ya Kitengela

Mwaka wa 2003 Lorna Katoo alikuwa rubani msaidizi, na siku ile alikosea hata kabla ndege haijaondoka Mombasa: alimkatia mama yake tiketi ya ndege ambayo yeye mwenyewe angeiendesha. Mama Tabitha alikuwa anatoka kwenye kongamano la akina mama wa kanisa, pamoja na askofu wao wa Kitengela, Mulinge, mtu ambaye hakuwahi kuombea chakula kikaliwa kingali moto.

Safari ilikuwa shwari hadi walipopita Kajiado na kugeuka kuishika njia ya kutua Nairobi. Upande wa kulia, juu ya Kitengela, wingu jeusi lilikuwa limejilaza kama ng'ombe aliyekataa kuamka, na chini yake mvua ilimwagika kwa mkupuo mmoja.

"Unaliona?" aliuliza Kapteni Bedan, aliyekuwa amemwachia Lorna usukani.

"Naliona. Liko mbali na njia yetu."

"Wingu ndilo liko mbali. Upepo wake hatujui umefika wapi. Ongeza mwendo kidogo, tuwe na akiba."

Akaongeza. Waliposhuka chini ya futi elfu moja, upepo ukawapiga usoni. Mshale wa mwendo ukaruka, ndege ikawa nyepesi, ikaanza kuelea juu ya njia yake. Lorna, kama mtu yeyote aliyefundishwa asitue kwa kasi, akavuta nyuma vishikio vya nguvu za injini.

Mkono wa Bedan ukatua juu ya wake na kuvirudisha.

"Nguvu iache hapo," alisema. "Huo mwendo si wetu. Ni wa kuazima, na mwenyewe yuko njiani."

Mwenyewe akafika. Mvua ya namna ile ikigonga ardhi, upepo wake hutawanyika kila upande kama maji ya karai yaliyomwagwa uani. Ukiingilia upande huu, unakupinga kifua. Ukitokea upande wa pili, unakusukuma mgongoni. Na ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake, si na kasi yake juu ya ardhi. Upepo ulipogeuka, hewa ile ikapungua ghafla, mshale ukaporomoka, na ndege ikaanza kuzama kuelekea mbuga ya wanyama. Sauti ya mashine ikapiga kelele ndani ya chumba cha marubani: windshia, windshia, onyo la upepo unaogeuka ghafla.

"Twende juu," alisema Bedan.

Lorna akasukuma vishikio hadi mwisho na kuinua pua ya ndege.

"Magurudumu juu," aliagiza, kwa mazoea.

"Magurudumu yaache. Flapu za mabawa pia. Hatugusi kitu mpaka tutoke humu."

Kwa muda ndege haikupanda wala haikushuka. Injini zilinguruma kwa nguvu zao zote. Chini, twiga mmoja alikuwa anakula mti wake bila haraka, na Lorna akamwonea wivu. Nyuma ya mlango Askofu Mulinge alisikika akimkemea shetani kwa Kikamba, kisha kwa Kiingereza, maana huwezi kujua shetani alisomea wapi.

Kisha mshale ukaanza kupanda, pole pole, na ndege nayo ikafuata.

Waliambiwa wazunguke juu ya Kajiado mpaka wingu lihame. Lorna akautazama mkono wake juu ya vishikio.

"Mkono wangu ulirudi nyuma," alisema.

"Hata wangu uliwahi kurudi. Jaribu tena. Utatua wewe."

Mara ya pili alishuka na mwendo wa akiba, na mshale ulipochezacheza hakuufukuza. Aliacha nguvu ikae. Akatua kwa kishindo, lakini kishindo cha heshima.

Mama yake alimngojea chini ya ngazi.

"Ulishuka, halafu ukapanda tena. Ulikuwa umesahau nini?"

"Upepo uligeuka, yeiyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Si ungetuambia? Nimemwagia askofu chai yote."

Jumapili kule Kitengela, askofu alishuhudia jinsi mkono wa Bwana ulivyoishika ndege kwa mkia na kuitupa juu. Alimwita Lorna mbele.

"Waambie, dada. Ni nani alituinua?"

Lorna alifikiria kusema uongo, akashindwa.

"Injini mbili, askofu, na Kapteni Bedan, ambaye hata kanisani haendi. Enkai, Mungu wetu, kama alikuwepo, alinyamaza akatuacha tufanye kazi, na mimi nilimshukuru kwa hilo."

Waumini wakatazamana. Halafu Mama Tabitha, kwenye kiti cha mbele kabisa, akaanza kucheka ndani ya leso yake, na kicheko kikaambukiza safu baada ya safu. Askofu akasema amina, kwa kuwa hakuwa na neno lingine karibu.

Baada ya ibada alimvizia Lorna langoni, akatazama huku na huku.

"Wiki ijayo niko na mkutano Kisumu," alinong'ona. "Huyo mpagani wenu ndiye ataendesha?"

"Sijui, askofu."

"Niulizie tafadhali. Kama si yeye, nitapanda basi."