Droo ya Chini ya Kitanda

Asubuhi ya mwisho ya safari yao ya ufukweni, turubai lilikuwa limekunjwa, tangi la maji limemwagwa, na mchanga wa wiki tatu umefagiliwa hadi mlangoni. Kilichobaki ni hukumu ya Mwalimu.

Gari lenyewe lilikuwa la kusambazia mikate kabla ya mumewe, seremala aliyebandikwa jina la Milimita kwa ukali wa vipimo vyake, kuligeuza nyumba kwa miezi minane: kitanda, meza ya kukunja, makabati, droo sita. Mwalimu, mstaafu ambaye hajawahi kumpa mtu kumi juu ya kumi, alikubali safari kwa sharti moja. Wakimaliza bila kitu kuharibika, gari libaki nyumba yao ya kuzurura uzeeni. Kikiharibika hata kimoja, vyote ving'olewe na gari likabebe vitanda vya karakana. Mapazia alikataa katakata. "Sishoni pazia la gari la mizigo," alisema, kwa hiyo wiki zote tatu walilala madirisha yamezibwa kwa maboksi.

Na kweli, kazi ilikaa imara. Milimita alijipiga kifua ufukwe mzima. Jirani yao pale kambini, dereva mstaafu wa malori, alioneshwa kila kiungo cha mbao, vingine mara mbili mbili, maskini wa Mungu.

Ila ile droo ya chini ya kitanda. Siku ya nne iligoma kufunguka, na Milimita akajua mara moja kwa nini. Alipima mbao kwao bara, kiangazi, hewa kavu, asiache nafasi hata kidogo ya unyevu wa bahari. Kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza! Akafanya wanavyofanya wanaume wenye sifa nyingi: akanyamaza. "Humo nimeweka patasi, mama, usije ukajikata," alimwambia mkewe, kisha akajitia hamnazo. Kila alasiri alikwenda kuogelea, akimwacha mkewe kivulini anashona foronya za mjukuu.

Sasa Mwalimu alisimama katikati ya gari, miwani puani. Dereva alikuwa mlangoni, amekuja kuaga.

"Imebaki droo moja," Mwalimu alisema. "Toa hizo patasi zako nifute vumbi."

 Milimita angeweza kusema ufunguo umepotea, lakini droo haikuwa na kitasa.

"Hamna patasi," alisema. "Imevimba, haifunguki tangu siku ya nne. Nilikosea vipimo, mama, halafu nikakudanganya."

"Wewe? Vipimo?" dereva alishangaa.

"Mimi. Tulishakubaliana, tukifika nyumbani nitang'oa vyote." Aliona uchungu kama anang'olewa yeye.

 Mwalimu aliinama, akavuta kishikio kwa kidole kimoja. Droo ikaja yenyewe, taratibu, bila hata kulia.

Milimita alipiga magoti. Ukingo wa juu ulikuwa umepigwa randa, mbao imekuwa nyeupe upya. Akapitisha kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umenyooka, hakuna mahali randa iliporuka.

"Nani kafanya hivi?"

"Siku ya tano, ulipokwenda kuogelea. Nilitoa chaga za kitanda, nikaisukuma kutoka ndani, nikaipiga randa yako. Miaka thelathini nakuletea chai karakana, unadhani nilikuwa naangalia chai?"

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Umejivuta, baba, lakini umesema."

Ndani ya droo kulikuwa na vitambaa vya bluu vilivyokunjwa vizuri. Milimita alikunjua cha juu. Kilikuwa na pindo chini na vitanzi vya kupitishia waya juu. Akahesabu vipande vinne, na madirisha ya gari yalikuwa manne. Foronya hakuziulizia.

Alibandua boksi la dirisha la kwanza, akaliwekea kipande kimoja. Kilifika kizingitini bila kuzidi wala kupungua, na macho yake yakajaa machozi. Kisha akamshika dereva mkono, akamvuta ndani.

"Ingia, bwana, ingia! Wiki zote tatu nimekuonesha vitu vya kawaida tu. Njoo uone kazi ya randa. Hii si yangu hii, ni ya mke wangu!"