Betri ya Tatu

Gari lilikuwa la mama yao: dogo, la kijani iliyopauka, lenye umri mkubwa kuliko askari wengi waliolisimamisha barabarani. Mama alipopata kiharusi akalazwa, ufunguo ulimwangukia mwanawe wa kiume. Mtaani walimwita Kadi, kwa sababu alifanya kazi kwenye duka la uchapaji na nusu ya majirani walioana kwa kadi alizozichapa yeye. Dada yake mkubwa alikuwa mshonaji. Waligawana zamu: dada asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Kadi jioni akitoka kazini, na chupa ya supu ambayo dada aliipika na kuichuja mwenyewe.

Siku za mwanzo Kadi alipanda ngazi za wodi kama watu wengine. Alisimama kando ya kitanda akamtazama mama yake, mdomo umekwenda upande, macho yameelekea darini. Alingoja uchungu uje. Haukuja. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, ni wako, lakini ukiuminya ni kama unaminya mguu wa mtu mwingine. Kwenye kitanda cha jirani, binti wa watu alikuwa akilia mpaka anashikwa bega. Kadi akaona haya kusimama pale na uso mkavu.

Basi akaanza kuishia kwenye maegesho. Anamkabidhi mhudumu chupa mlangoni, anarudi garini, anafungua redio na feni, na giza likiingia anawasha taa ya ndani. Injini imezimwa. Anasikiliza mpira, bei za mazao, matangazo ya sabuni. Watu wakianza kutoka, anachukua chupa tupu na kurudi nyumbani.

"Mama anaendeleaje?" dada anauliza.

"Yuko vilevile," anajibu.

Betri iliyokuwemo ilikufa hivyo. Walinzi wa hospitali wakalisukuma gari mpaka likakubali, na kesho yake Kadi akanunua nyingine kwenye kituo cha mafuta, kwa neno la mtu wa pampu kwamba hiyo inaingia gari lolote. Kweli iliingia, tena ikabaki na nafasi, ikabidi ifungwe kwa ukanda wa mpira isichezecheze. Nayo haikukaa. Safari hii walinzi walisukuma mpaka wakachoka, gari likagoma.

"Kaka," mmoja alimwambia akijifuta jasho, "tutafutie na jezi basi, maana hii sasa ni timu."

Kadi alirudi kwa miguu. Dada alimwona akiingia na chupa mkononi bila gari, akaelewa.

"Kesho nakwenda na wewe," alisema. "Wewe unanunua betri kama mtu anayenunua kiberiti."

Asubuhi jirani mwenye waya za kuamshia alikwenda nao hospitalini, akaliwasha gari kwa betri ya gari lake, wakalipeleka, bila kulizima njiani, kwa fundi umeme aliyeitwa Cheche. Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kamba nyuma ya kichwa, na karakana yake ilinuka asidi na mpira ulioungua. Alifungua boneti, akatazama, akatikisa kichwa.

"Nani amelivalisha mzee huyu kiatu cha mtoto?"

Dada alimwonyesha Kadi kwa kidole.

Cheche alipima kitako inapokalia betri kwa rula, urefu na upana, kisha kimo mpaka kwenye boneti. Dada alisogea karibu, maana kupima ndiyo kazi yake. Fundi akamwonyesha waya wa chanya ulivyo mfupi. "Betri zinafanana kwa sura, dada, lakini nyingine chanya iko kushoto, nyingine kulia. Ukikosea upande, utauvuta waya huu upite juu ya chuma, na siku moja utaniletea moshi badala ya gari."

"Na ile pale imekaa rafuni tangu lini?" dada aliuliza.

Cheche akacheka. "Umewahi kuuza betri nini?"

"Nauza nguo. Kitambaa kilicholala dukani nakijua."

Fundi alimwonyesha tarehe iliyogongwa ubavuni. Betri iliyokaa muda mrefu, alisema, huzeeka kabla ya kuolewa. Kisha akachukua mita ya umeme, akagusisha huku na huku, gari likiwaka na likiwa limezimwa. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Altaneta inachaji vizuri. Umeme hauvuji popote. Mnasema hii ni ya pili kufa; sasa zinauawa na nini?"

"Labda uzee wa gari," Kadi alisema.

"Uzee hauli betri. Linakwenda wapi?"

"Kazini. Hospitali. Nyumbani."

"Mficha uchi hazai, kaka. Betri hii kazi yake ni kupiga stati, kisha injini inairudishia umeme. Ukiikausha kila siku, hata ungenunua ya dhahabu itakufa."

Dada alimjibia. "Anakwenda kumwona mama yetu wodini. Anakaa naye, anarudi. Gari linakuwa limezimwa muda wote."

"Redio inakuwa inawaka," Kadi alisema.

"Anaisikiliza nani?" fundi aliuliza.

"Mimi."

Alilisema kwa sauti ambayo angemwambia nayo mteja kwamba wino umekwisha. Cheche aliwatazama wote wawili, akaokota kitambaa, akaenda kufuta meza ya mbali ambayo haikuwa na vumbi.

"Jioni zote?" dada aliuliza.

"Mwanzoni nilikuwa naingia."

"Na supu?"

"Mhudumu anampa."

Kadi alingoja apigiwe kelele. Aliona hata ingekuwa afadhali. Lakini dada alinyoosha ushungi wake, akageukia rafu. "Fundi, njoo. Tuchukue ipi?"

Cheche akarudi, akaweka mbili mezani. "Zote zinaenea, chanya ziko upande wake, zote mpya. Hii ni ya kawaida, nguvu yake inatosha gari hili. Ile ina bati nene ndani, inavumilia kukaushwa. Bei yake iko juu. Mtu wa kuendesha tu haihitaji. Mtu wa kukaa na kusikiliza redio..." Hakumalizia.

"Mwambie wewe," dada alimwambia mdogo wake.

Kadi alizitazama betri. Alitafuta ndani yake kitu cha kumsukuma upande huu au ule, hakukipata. "Ya kawaida," alisema mwishowe, ili wamalize.

Fundi alifungua waya wa hasi kwanza, akasugua vichwa vya waya kwa brashi na maji ya moto mpaka ukungu mweupe wa asidi ukatoka, akakaza betri kwa chuma chake chenyewe. Gari likawaka mara moja.

Njiani taa nyekundu iliwasimamisha.

"Ungeniambia kwamba umeshindwa," dada alisema.

"Sijashindwa. Nikiingia sihisi kitu, dada. Yule ni mama, na mimi namtazama kama ninavyotazama ukuta."

"Nani kakwambia mimi nahisi? Namgeuza, namkata kucha, nampaka mafuta miguuni, naenda kushona. Nitalia siku nikipata nafasi." Taa ikawa kijani. "Twende, wanapiga honi."

Jioni ile Kadi alizima gari, akapanda ngazi na chupa yake. Muuguzi alimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

"Mwanawe."

"Kumbe dada yetu ana ndugu. Haya, mwanawe, nishikie mabega, nibadilishe shuka."

Mama alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Kichwa chake kiliangukia kifuani pa Kadi, nywele zikinuka sabuni ya wodi, na muuguzi akavuta shuka, akatandika nyingine bila haraka. Baadaye Kadi alimlisha supu. Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni. Cha pili alikiinamisha upande ule mdomo ulipokuwa mzima, na mama akameza. Alingoja tena, kwa mazoea, kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja. Akamfuta kidevu, akachota kingine.