Vitanda Sita

Miwani alikuwa ameshapiga magoti mara mbili kutazama matairi. Sasa alikuwa anagonga ubavu wa trela kwa kifundo cha kidole, kichwa amekiinamisha, na kaka yake anamfuata nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Unasikia nini?" kaka akauliza.

"Nasikia unavyohema. Hebu nipishe kidogo."

Jina lake halisi lilikuwepo kwenye vyeti, lakini watu walimwita Miwani kwa sababu miwani yake nyeusi ya kuchomelea haikuwahi kushuka kichwani. Aliivaa juu ya kilemba kazini, aliivaa sokoni, na masikini ya Mungu, iko hata kwenye picha za harusi ya mpwa wake, imekaa juu ya paji la uso katikati ya watu waliopendeza. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza akiunganisha vyuma. Mageti, madirisha, ngazi za kupanda juu ya matangi. Hakuna mteja aliyewahi kumrudia na kitu kilichoachia. Hilo alilijua, na alipenda na wengine walijue.

Ndiyo maana kaka yake alikuwa amemfuata karakana asubuhi ile, amevaa shati la kwendea mjini, na mkewe amekaa garini. Kaka alikuwa ameendesha greda la idara ya barabara mpaka alipostaafu. Alilala kwenye mahema ya serikali miezi sita kwa miezi sita, huku mkewe amebaki nyumbani na watoto. Wenzake waliostaafu naye walinunua viwanja. Yeye aliona trela ya kulala porini, ile ya kufunga nyuma ya gari na kupita nayo njia mbovu, na tangu siku hiyo hakula akashiba.

"Barabara naijua mimi, mdogo wangu," alimwambia. "Chuma unakijua wewe. Twende ukaniambie kama inastahili bei yake. Ukisema hapana, narudi nyumbani nanyamaza."

Bei yenyewe ilikuwa ya kiwanja, na chenji ya kuzungushia uzio.

Muuzaji hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo lilimsumbua Miwani, kwa sababu alikuja amejiandaa kugombana na mtu wa maneno mengi. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye fungu la funguo kiunoni lililomtangulia kwa sauti kila alikokwenda. Alifungua kila alichoambiwa afungue. Akavuta jiko, likatoka ubavuni taratibu kwenye reli zake, likasimama bila kutikisika. Akafungua bomba, maji yakatoka. Miwani akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango kuona kama vumbi lina pa kupita. Halikuwa na pa kupita. Akatikisa bawaba, akanusa grisi ya kwenye magurudumu, akautazama mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, mshono wake umejaa vizuri pande zote.

"Huyu aliyechomelea hapa mbele anajua kazi," alisema, na kaka yake akapumua.

Miwani alipopanda ndani alimkuta wifi yake, yule aliyekuwa garini, ameshatangulia. Alikuwa amevua viatu, amelala chali kwenye godoro jipya ambalo bado lina nailoni yake, mikono juu ya tumbo.

"Wifi, njoo ujaribu."

"Mimi nimekuja kukagua, wifi, sikuja kulala."

"Basi nikague mimi. Nimekaaje?"

"Umekaa kama mwenye nyumba."

Wifi akacheka, kisha akatazama kidirisha cha juu. "Unajua kaka yako alikuwa anakuja likizo ananisimulia mto mmoja wenye mawe mekundu. Anasimulia, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, mtoto mgongoni, sufuria motoni, simsikii hata nusu. Siku hizi ndio namsikiliza. Nataka akanionyeshe huo mto kabla magoti hayajanigomea kabisa."

Miwani alimpenda sana wifi yake, na hakuwahi kumwambia. Akampapasa mguu, akashuka.

Lilibaki jambo moja, kuingia chini. Muuzaji akamletea boksi la kulalia asichafue nguo, Miwani akalalia mgongo, akateremsha miwani kwa mazoea, akaona giza, akaipandisha tena, akawasha tochi.

Juu yake ilikuwa fremu. Bomba za mraba za inchi mbili, futi kumi na mbili kwa sita, na vipande vinne vimepita katikati. Rangi nyeusi imepigwa vizuri. Akaanza pembe ya nyuma, akakwangua kwa ncha ya bisibisi, na chini ya ile rangi nyeusi ikatokea nyingine, nyekundu ya kuzuia kutu. Akakwangua tena. Nukta tatu za kuchomelea, ya katikati kubwa kuliko mbili za pembeni, na kila moja mkia wake umerudishwa nyuma kidogo.

Miwani alizitazama kama mtu aliyekutana na uso wake kwenye dirisha la duka.

Kila fundi ana mkono wake. Wake ulikuwa huo. Mkono wa kushoto uliungua siku nyingi, hauwezi kushikilia muda mrefu, kwa hiyo palipokuwa hapahitaji mshono kamili alipiga nukta ndogo, kubwa, ndogo, akamaliza kwa kurudi nyuma ili chuma kisiache tundu. Karakanani kwake waliita kudonoa. Sehemu za kubeba mzigo unachomelea mzunguko mzima. Sehemu za kushikiza tu, unadonoa.

Akakumbuka vizuri kabisa. Mwaka uliopita dalali mmoja alipiga simu anataka vitanda sita vya chuma, futi kumi na mbili kwa sita. "Vitanda vya nani hivyo, vya majitu?" alimuuliza, na dalali akacheka. "Ni vya wageni wa porini, mama. Wanapenda kujinyoosha." Miwani akaelewa alichoelewa. Kambi ya watalii, hema kubwa, kitanda kikubwa. Kwa nje alichomelea mshono mzima ili kipendeze. Kwa ndani na chini, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeinama kutazama, alidonoa. Hata alitania mle karakana kwamba kitanda cha kuchomelewa mzunguko mzima ni cha maharusi tu. Kitanda kinasimama chumbani. Hakivutwi juu ya mawe kikibeba tangi la maji na jiko.

Alipoifikia pembe ya mbele aliona kitu kingine. Kutoka kwenye nukta ile kubwa palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, na unga mwekundu wa kutu umeanza kutoka humo.

"Vipi huko?" kaka yake akaita. Viatu vyake vilikuwa vimesimama karibu na kichwa cha Miwani, vimepigwa rangi.

Miwani aliona aibu, aibu ile ya mtoto aliyevunja kitu cha wenyewe. Wazo likamjia lenyewe, bila kuitwa. Sema springi. Springi za trela mpya mtu anaweza kusema lolote, na hakuna wa kumbishia fundi. Kaka ataacha kununua, wifi atanuna siku mbili, jina litabaki lilivyo.

Akatoka, akajipangusa vumbi magotini.

"Springi zake dhaifu," alisema. "Achana nayo, kaka."

Uso wa kaka yake ulishuka, ikawa shida kuutazama. Lakini yule muuzaji mpole akatikisa kichwa bila hata kukasirika.

"Springi si tatizo, mama. Nina nzito zaidi stoo, nitawafungia leo leo, sitaongeza hata senti."

"Si unaona?" kaka akasema, sura imerudi. "Mdogo wangu, ni springi tu? Kwingine kote kuzuri?"

Wifi alikuwa ametoa kichwa dirishani kusikiliza.

"Na isitoshe," muuzaji akaendelea, "hii ni ya nne. Tatu zimeshachukuliwa na watu wanazunguka nazo, hakuna aliyekuja kulalamika. Mbili bado ziko kwa mpaka rangi."

"Wanazunguka nazo wapi?" Miwani akauliza.

Muuzaji akamtazama, haelewi swali. "Porini, mama. Si ndiyo kazi yake?"

Miwani akakaa kwenye ngazi ya trela. Alivua miwani kichwani, akaishika mapajani, na kaka yake alishtuka zaidi kwa hilo kuliko kwa maneno yaliyofuata.

"Kaka, springi hazina ubaya wowote. Nimesema uongo. Hiki kitanda nimekitengeneza mimi."

"Kitanda kipi tena?" wifi akauliza, akitazama godoro.

"Hiki cha chini. Fremu. Niliambiwa vitanda, nikafikiri vya kulalia watu. Nikadonoa."

Ikabidi aeleze kudonoa ni nini, na akaeleza taratibu, hakuruka kitu, pamoja na lile la ufa. Muuzaji alishika funguo zake zisilie.

"Sisi fremu ya trela tunaiita kitanda," alisema hatimaye. "Tangu zamani. Dalali alikuambia kitanda kwa sababu na mimi nilimwambia kitanda." Akatafakari. "Aliniapia kwamba amenipelekea kwa fundi bora kuliko wote mjini."

"Hakukudanganya," kaka yake akadakia, kwa ubishi wa ndugu, kisha akamgeukia Miwani. "Lakini wewe. Uliposema springi."

"Nilikuwa najificha."

"Kwangu?"

Miwani alitikisa kichwa kukubali. Alitamani kaka amfokee. Hakufoka. Alikwenda akainama kwa shida, akachungulia chini ya trela muda mrefu, mtu aliyeendesha greda maisha yake yote na kuyajua makorongo kwa majina, na alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye shati la mjini.

"Kwenye njia ya mto hii haifiki," alisema. "Ingekatikia mteremkoni, sisi tuko mbele tunaimba."

"Nipe namba za hao watu watatu," Miwani akamwambia muuzaji.

"Mama, hebu tulifikirie kwanza. Tunaweza kuwaita mmoja mmoja, tuseme ni huduma ya bure, tukarekebisha bila kelele. Biashara yangu..."

"Utaniita fundi mbovu, utakuwa umesema kweli. Waambie umetapeliwa na mimi kama utapenda. Lakini nipe namba."

Muuzaji alimtazama, akaitazama trela, akatoa daftari kwenye kabati la ofisi. Alilifungua mwenyewe na kuweka kidole kwenye mistari.

Wa kwanza alikuwa mzee mchangamfu ambaye trela yake haijatoka nje ya uzio tangu ainunue. Mkewe, alisema, ameigeuza chumba cha wageni. Miwani akamwambia inafaa sana kwa hilo, isiende popote mpaka aje, mzee akacheka bila kujua anacheka nini. Wa pili alikuwa mwanamke mwenye haraka. Alimsikiliza mpaka kwenye neno nukta, akasema amechoka na matapeli wa simu, akakata. Miwani akapiga tena, ikakatwa tena. Hapo kaka yake akanyoosha mkono akaichukua simu, akajikohoza, akatoa ile sauti yake ya zamani ya kusimamisha malori barabarani. "Mama, unaongea na idara ya barabara," alianza, na wifi akaziba mdomo kwa mtandio. Mwanamke akasikiliza. Mwisho akauliza fundi atakuja lini.

"Kesho," Miwani akasema kwa pembeni. "Naja na mashine yangu."

Namba ya tatu iliita sana. Ilipokaribia kukatika, mwanamume akapokea kwa sauti ya juu, na nyuma yake kulikuwa na kelele nyingi, muziki, watoto, vyombo vinagongana.

"Mko wapi?" Miwani akauliza hata kabla ya salamu.

"Tuko njiani. Nani mwenzangu?"

"Njia ya lami?"

"Lami tuliiacha zamani. Tunashuka huku bondeni, mawe matupu. Nani?"

"Mimi ni fundi aliyechomelea trela yako. Zima muziki, baba. Simama hapo hapo ulipo."

"Nisimame katikati ya mteremko?"

"Hapo hapo. Weka jiwe kwenye gurudumu, watoto washuke. Kisha nenda kaangalie chini, pembe ya mbele, uniambie unaona nini."

Muziki ukakatwa. Mtoto mmoja akauliza kama wamefika. Uani kaka yake alikuwa amesimama karibu sana, wifi ameshuka peku kwenye kokoto, muuzaji amefumba daftari juu ya kidole chake. Miwani akabana simu sikioni kwa mkono ule ulioungua. Injini ikazimika. Akasikia mlango ukifunguliwa, na hatua za mtu zikizunguka juu ya mawe kuelekea nyuma, polepole, kisha upepo tu.