Kifungu cha Nyumba

Barua ya kazi ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Umulisa aliisoma mara tatu akiwa bado amesimama mbele ya meza. Shirika la misaada lilimtaka awe mtunza ghala la dawa. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko alivyotazamia. Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi: atapewa nyumba mtaa wa Kiyovu, nambari ya kiwanja imetajwa, ambamo atakaa "kwa jukumu lake mwenyewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkwaza.

Ilikuwa Novemba 1994, miezi minne baada ya mauaji ya kimbari. Umulisa alizaliwa Tabora, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, na huko alifanya kazi kwenye duka la dawa kwa miaka minane. Sasa alikuwa na miezi miwili Kigali, akilala sebuleni kwa shangazi yake Nyamirambo. Mji ulijaa nyumba zisizo na wenyewe na watu wasio na nyumba, na hakuna aliyependa kuulizwa funguo amezipata wapi.

"Saini tu, dada," alisema Bayingana, ofisa wa wafanyakazi, mtu aliyekulia Kampala. "Kazi hii watu ishirini wanaitaka."

"Nitajibu kwa barua kesho."

"Barua ya nini? Si niko hapa mbele yako?"

"Uko, kaka. Lakini mazungumzo hayana muhuri."

Aliandika kwa mkono. Alishukuru kwa kuchaguliwa, akaomba yaandikwe mambo ambayo barua ilikuwa imeyaruka: muda wa majaribio, likizo, matibabu. Mwisho akauliza mwenye nyumba ni nani, na shirika limeipangaje.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, limepigwa chapa. Majaribio miezi mitatu. Likizo ipo. Matibabu yapo. Kuhusu nyumba hapakuwa na neno hata moja. Aligeuza karatasi, akakuta nyuma ni tupu.

Basi akaenda Kiyovu kujionea. Geti lilikuwa limetobolewa kwa risasi, lakini kufuli lake lilikuwa jipya. Pembeni, juu ya jiwe, aliketi mwanamke wa makamo.

"Unatafuta nani?"

"Naangalia nyumba tu, mama."

"Wote wanaangalia tu." Mwanamke alimpima kwa macho. "Hii nyumba iko ya kaka yangu. Alikufa Aprili, yeye na bibi yake. Watoto wawili wako kwangu. Mimi Mukeshimana, uliza mtu yeyote hapa. Funguo niko nayo, lakini kufuli walibadilisha."

"Nani alibadilisha?"

"Bwana mmoja wa gari nyeupe. Alisema kuna mfanyakazi wa shirika anakuja kukaa, nikiwa na shida niongee na huyo."

Umulisa akaelewa. Mfanyakazi huyo alikuwa yeye. Siku watoto wangekuja kudai kwao, wangekuta jina lake kwenye karatasi, si la bwana wa gari.

Hata hivyo, hakumwamini mwanamke huyo moja kwa moja. Kila mtaa ulikuwa na mtu wa kudai nyumba ya marehemu.

"Una hati yoyote?"

"Hati zilikuwa ndani."

Akaondoka bila kujitambulisha, na njia nzima akaona aibu.

Barua yake ya pili ilikuwa fupi. Kazi anaikubali, kifungu cha nyumba kifutwe, badala yake apewe posho ya pango. Chini akaandika: Nakala kwa Mkurugenzi. Nakala hiyo aliipeleka mwenyewe, akangoja mpaka ikapokelewa.

Asubuhi Bayingana alimwita na kufunga mlango.

"Nakala ya nini, dada? Siku hizi mtu akiulizauliza habari za nyumba, watu wanajiuliza ametumwa na nani."

"Na mimi najiuliza gari jeupe lililopeleka kufuli Kiyovu ni la nani."

Bayingana alifungua mlango ili atoke. Umulisa akajuta kulisema hilo.

Wote wawili waliitwa kwa mkurugenzi, mgeni mwenye miwani, aliyekuwa ameziweka barua zote mezani.

"Nyumba gani hii?" aliuliza. "Shirika halina nyumba Kiyovu."

"Kosa la mpiga chapa," alisema Bayingana bila kupepesa macho.

Mkurugenzi hakuuliza zaidi. Alikata mstari kwa kalamu, akaandika posho ndogo kuliko iliyoombwa, akamsogezea Umulisa karatasi asaini. Umulisa akaomba mkataba upigwe chapa upya kwanza. Pia akaomba barua fupi ya kuthibitisha kwamba shirika halihusiki na kile kiwanja. Akapewa vyote.

Alimkuta Mukeshimana palepale getini. Safari hii alimwambia yeye ni nani, akamkabidhi ile barua aipeleke kwenye ofisi ya mtaa. Mukeshimana aliisoma taratibu, akaikunja, akaitia kifuani. Hakutoa shukrani.

Kabla ya Krismasi Umulisa alipita barabara ile, akaona watoto wawili wakifagia vipande vya vioo uani mwa nyumba ile.

Bayingana alibaki ofisini, mkubwa wake wa kazi. Hakuwahi kulitaja jambo lile tena. Kila asubuhi alipita ghalani, akaegemea mlango na kumsalimia kwa adabu.

"Umeamkaje, dada? Hajambo shangazi Mukankusi?"

"Hajambo," Umulisa alijibu, huku akijitahidi kukumbuka ni lini alimtajia jina la shangazi yake.