Vidonge vya Asubuhi

Katika chumba cha upasuaji walimwita Bi Taratibu, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa usingizi, na moyo wenye vali iliyokaza, mlango wa damu usiofunguka vizuri, hauna mzaha. Ukimpa mtu fentanili, dawa kali ya kuua maumivu, kidogo mno, mpira wa kupumulia ukiingia kooni presha inaruka. Ukimzidishia, inaporomoka, na pengine hairudi. Ndiyo maana aliigawa dozi mafungu mafungu, macho kwenye skrini.

"Mchana utatukuta hapa hapa," mpasuaji akamtania.

"Mwenye haraka na atangulie," akajibu, akasukuma fungu la kwanza.

Presha ikashuka vibaya. Fungu la kwanza halishushi hivyo. Akaweka sindano chini, akamwinamia bibi aliyekuwa kitandani, macho yameanza kulegea.

"Mama, uliniambia leo hukumeza dawa za presha. Kweli?"

Bibi akamshika gauni. "Nilimeza. Mara mbili ya kawaida, ili ishuke." Ulimi ulikuwa mzito. "Juzi ulinirudisha nyumbani, ukasema presha yangu haishikiki. Usinirudishe tena, mwanangu. Ngazi za kwetu zimenishinda."

Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu alificha dawa. Na maneno yale Bi Taratibu aliyakumbuka. Aliyasema akiwa mlangoni, mguu mmoja nje, kwa haraka.

"Tumrudishe wodini?" mpasuaji akauliza. Utani ulikuwa umemwisha.

"Vali hiyo haitamngoja. Nipeni dawa ya kupandisha presha, iingie polepole."

Presha ikapanda kwa kujivuta. Akaendelea na fentanili, kila fungu akilikata nusu, akingoja, akitazama. Aliogopa hasa, ila hakuharakisha. Ilipofika zamu ya dawa ya kulegeza misuli, vidole vya bibi vikaliachia gauni. Akapitisha mpira kooni. Presha ikaruka, ikasita, ikatulia. Mpasuaji akashusha pumzi, akaomba kisu.

Bibi alipopata nguvu ya kuzungumza, Bi Taratibu alimfuata wodini.

"Ulinidanganya, mama."

"Na wewe ulinitisha, mwanangu."

Safari hii Bi Taratibu hakubaki mlangoni. Akavuta kiti, akakaa.