Siku ya Kukatika

Ghorofa ya tatu ya Wizara ya Kazi kulikuwa na jiko dogo lenye sinki moja, mabirika mawili ya umeme na dirisha lisilofunga vizuri, na mwanamke aliyelitawala jiko hilo aliitwa Mama Chai. Jina lake halisi lilikuwepo, ila lilitumika siku za kusaini tu. Asubuhi hiyo alikuwa akisugua vikombe kwa chumvi na limau, maana sabuni peke yake haiondoi doa la chai, huku akitazama kama vidole vyake vimeanza kufifia.

Vilikuwa vimeanza. Kucha za mkono wa kushoto zilionyesha maji yaliyokuwa nyuma yake. Mkataba wake ulikuwa unakaribia mwisho, na siku zote kucha ndizo hutangulia.

Sera ya kazi ilisema kwamba mtu akimtumikia mwajiri mmoja mwaka mzima bila kukatika, huyo si kibarua tena. Apewe ajira ya kudumu, likizo, bima na pensheni. Ilikuwa sera nzuri. Iliandikwa humo humo wizarani, ghorofa ya tano, na chai waliyokunywa walioiandika aliipika yeye. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu wizara ilimkata siku moja, kisha ikamwajiri upya. Siku hiyo ya katikati hakuwa mfanyakazi, wala hakuwa mtu asiye na kazi, basi hakuonekana. Mwili, gauni, hata viatu, vyote vilipotea machoni pa watu. Sauti ilibaki, na uzito ulibaki. Ilikuwa hivyo kwa dereva, kwa mtunza bustani na kwa dada wa mapokezi, na wenyewe waliiita siku ya kukatika, kwa sauti ile ile ya kusema umeme umekatika.

Mama Chai alikuwa amekatika na kurudi tangu bintiye yuko darasa la kwanza, na binti sasa alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake. Siku hizo alikaa nyumbani akafua. Mumewe, fundi saa, alizungumza naye akielekeza uso mahali alipodhani yupo, na mara nyingi alilihutubia kabati. Kero ilikuwa moja tu, kukaliwa. Jirani aliwahi kuingia kuomba chumvi, akajitupa kwenye kochi juu ya mapaja yake, akaanza kumsengenya.

"Sasa ukamfanyaje?" mumewe aliuliza.

"Nilimwacha amalize. Nilitaka kujua mwisho wake."

Safari hii siku ya kukatika iliangukia Jumamosi, na Jumamosi hiyo alasiri ndiyo watu wa upande wa mchumba walikuwa wanakuja kujitambulisha. Binti alikuwa ameshamwita mpiga picha.

"Mama, siku nyingine zote sijalalamika," alisema, sindano mdomoni. "Nimemaliza shule hukuonekana, nikanyamaza. Hii nataka wakuone. Nataka wakitoka hapa waseme, kumbe macho kayatoa kwa mama yake."

"Toa sindano mdomoni."

"Mama."

"Nimesikia. Nitakwenda kuongea nao."

Alikwenda. Afisa utumishi alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeinuka kidogo kitini kila mtu mzima anapoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bosi. Naomba Jumamosi nisikatike. Nikateni wiki ijayo, hata siku mbili, sitasema kitu."

"Mkataba unaisha pale unapoisha, mama. Nikikuunganishia hata siku moja, mfumo unakuhesabu wa kudumu."

"Ukinihesabu kuna ubaya gani?"

Alitabasamu kwa huruma ya kweli. "Ubaya haupo. Bajeti ndiyo haipo."

Mama Chai aliinuka. Alikuwa ameshashika kitasa, na kitasa kilionekana kupitia vidole vyake, aliposikia kiti nyuma yake kikisogezwa.

"Ila mama, kuna jambo. Jumamosi hiyo hiyo tuna warsha kubwa hapa. Maana ya Sera ya Kazi katika Ajira na Serikali. Wageni wanatoka kila mahali, na warsha bila chai unaijua inavyokuwa. Njoo utusaidie asubuhi. Saa sita mchana mkataba wako mpya unakuwa mezani kwangu. Unasaini, unarudi nyumbani unaonekana vizuri kabisa."

"Nije kama nani?"

"Kama wewe mwenyewe."

"Jumamosi mimi mwenyewe sipo, bosi."

"Ndiyo maana hakuna atakayekusumbua," alisema.

Jumamosi asubuhi Mama Chai alivaa gauni la maua aliloshonewa na bintiye, la kupokelea wakwe, ili mchana asipoteze muda kubadili. Alijitazama kwenye kioo na kuona ukuta uliokuwa nyuma yake. Alipaka wanja kwa kukisia.

Mlinzi wa wizara aliona geti dogo likisukumwa, akaacha kupiga mswaki.

"Mama Chai?"

"Ndiye."

"Habari za kukatika?"

"Nzuri tu. Nisaini wapi?"

"Usisaini. Leo hukuja."

Alichemsha maji, akapanga vikombe, akajaza chupa. Saa nne kamili milango ya ukumbi ilifunguka na trei zikaingia zikielea kimo cha kifua cha mtu, moja baada ya nyingine. Washiriki waliinua viwiko ili zipite. Mmoja aliomba sukari, na sukari ikamfikia. Hakuna aliyekatisha mazungumzo.

Mtoa mada alikuwa daktari wa uchumi mwenye suti ya kijivu na sauti ya kubembeleza. Ukutani nyuma yake mstari mwekundu ulipanda kutoka pembe ya chini hadi karibu na dari.

"Ndugu washiriki, sera ya kazi ni nini? Ni ahadi. Serikali inamwahidi mtu kwamba hatatenganishwa na kazi ya mikono yake bila sababu. Na serikali yenyewe ikiwa mwajiri, ahadi hiyo inaanzia wapi? Inaanzia nyumbani." Aligonga ule mstari kwa fimbo. "Hizi ni ajira mpya zilizozalishwa na wizara hii hii. Na hamtamkuta hapa kibarua hata mmoja aliyepitiliza mwaka. Tazameni wenyewe."

Washiriki walitazama. Walitazama kulia, wakatazama kushoto, wengine wakageuka hadi nyuma, mlangoni, aliposimama Mama Chai. Hawakumwona mtu. Walipiga makofi. Mama Chai hakupiga, mikono ilikuwa na trei.

Mshiriki mmoja wa mstari wa mbele, mwanamke mwenye miwani, alinyoosha kidole. "Samahani, na huyo anayetuletea chai?"

Mtoa mada aliikagua trei iliyokuwa hewani mbele yake, akachukua kikombe.

"Hiyo ni trei," alisema, na akaendelea na ukurasa uliofuata.

Saa sita mkataba ulikuwa mezani, kama alivyoahidiwa. Afisa utumishi alikuwa mtu wa neno lake. Kilichokosekana kilikuwa saini ya mkurugenzi, ambayo hutangulia, na mkurugenzi alikuwa kwenye picha ya pamoja. Mama Chai alisubiri kwenye benchi la korido, magoti pamoja, mkoba mapajani. Baada ya picha ya pamoja kulikuwa na chakula, ambacho alikiandaa yeye. Baada ya chakula kulikuwa na maazimio. Alipoinuka kwenda kuuliza, gari la mkurugenzi lilikuwa limeshatoka getini na wageni wawili nyuma.

"Mama, si ameondoka jamani!" afisa utumishi aliuambia mlango. Alisikitika kweli, alivua hata miwani. "Jumatatu. Asubuhi kabisa. Wewe uwe wa kwanza."

"Leo ndiyo wanakuja wakwe."

"Wasalimie sana."

Alifika nyumbani na kukuta viti vya kuazima vimepangwa na kitambaa kipya mezani. Binti aliona mlango ukifunguka na kujifunga. Alisimama pale na kikapu cha maua mkononi, akingoja kuona kitu ambacho hakikutokea.

"Mama?"

"Nipo."

"Hakusaini."

"Hakusaini."

Binti aliweka kikapu chini. Alichagua kiti kimoja, cha katikati, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo, halafu akafuta tena. "Kaa hapa," alisema. "Usihame hata kidogo, nijue ulipo."

Fundi saa alisogea karibu na kiti, akakiambia kwa upole kwamba gauni limempendeza. Safari hii alipatia mahali.

Wageni waliingia saa tisa: mchumba mwenyewe, dereva wa lori aliyekuwa akijifuta jasho tangu barabarani, mama yake, na shangazi yake, mwanamke mnene mwenye vicheko vingi aliyeletwa ili kusema maneno magumu. Shangazi alikagua viti vyote, akakipenda kile cha katikati, akageuka kukaa.

"Hapo hapana, shangazi!" binti alipiga kelele. "Amekaa mama."

Shangazi alisita nusu ya njia, mikono magotini. Alikitazama kiti.

"Kakatwa na nani?"

"Wizara ya Kazi."

"Aa." Alijinyoosha taratibu. "Poleni sana. Usihofu, mwanangu, hata sisi tumekuja na wetu. Tangu kituoni tumemshika mkono asije akagongwa na baiskeli." Aligeuka nyuma. "Kaka, si useme, watu watadhani tumemwacha nyumbani!"

"Hamjambo hapa," sauti nzito ya mwanamume ilitoka karibu na kabati.

Baba wa mchumba alikuwa mpishi katika hospitali ya serikali, na walikuwa wamemkata tangu Ijumaa. Binti alileta kiti kingine, akakiweka ubavuni mwa kile cha katikati, na kiti kikalia kama viti vinavyolia mtu mzito anapokaa.

Waliokatika huonana wao kwa wao. Mama Chai alimwona mwanamume mfupi mwenye kipara, koti lililopigwa pasi kwa bidii, na alama ya kuungua kwa mafuta kwenye kiganja. Naye alionwa. Hakuna mtu aliyekuwa amemtazama tangu asubuhi, akajikuta anavuta gauni lifunike magoti.

"Wanja umepanda juu kidogo upande huu," mpishi alimnong'oneza. "Mimi hata ndevu nimenyoa kwa kupapasa."

"Umejikata hapo."

"Najua. Inawasha." Alimtazama vizuri, bila haraka, kisha akamtazama binti aliyekuwa anagawa soda. "Kumbe macho kayatoa kwako, mkwe."

"Unasemaje huko, kaka?" shangazi aliuliza.

"Nimesema," mpishi alipaza sauti, sebule nzima ikasikia, "huyu binti macho kayatoa kwa mama yake."

Binti alisema anakwenda kuleta barafu, akakaa jikoni kitambo. Aliporudi hakuwa na barafu, na hakuna aliyemuuliza.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Shangazi alisema maneno yake magumu, fundi saa akayajibu kwa maneno laini, na watu wakacheka. Ilipofika kupanga tarehe ya harusi hakuna aliyegusa kalenda. Mama wa mchumba alitoa mkobani mkataba wa mumewe, fundi saa akahesabu miezi mitatu ya mkewe kwa vidole kuanzia Jumatatu, wakatafuta siku ambayo wizara na hospitali zote zingekuwa zimewaachia wazazi wao. Ilipatikana Jumamosi moja, mwishoni mwa mwezi wa pili tangu pale. Vigelegele vilipigwa.

Mpiga picha aliwapanga wote. Alikuwa mzoefu. "Hao wawili wa katikati naomba washike kitu," alisema, na vikombe viwili vikainuka juu ya viti viwili vitupu, kimoja kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kingine.

Jumatatu Mama Chai alikuwa wa kwanza, kama alivyoahidiwa. Saini ya mkurugenzi ilikuwepo. Alishika kalamu, na kadiri jina lake lilivyojiandika ndivyo vidole vilivyorudi, kisha kiganja, kisha mkono hadi begani. Nukta ya mwisho ilirudisha viatu.

"Karibu tena, mama," afisa utumishi alisema. "Wakwe walifurahi?"

"Walifurahi."

"Hata warsha ilifana, wageni wameisifu mno chai. Na maazimio yamepita yote. Umeona lakini? Mkataba sasa ni wa miezi miwili." Aliinama mbele, kama anayempa zawadi. "Kila anaposaini mtu, inahesabika ajira mpya moja. Ule mstari mwekundu ulioonyeshwa ukutani, mama, kipande kizima ni wewe. Sasa utapanda zaidi."

"Hongera zangu."

"Unastahili kabisa."

Aliusoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha akafumba macho na kuhesabu: miezi miwili kuanzia leo inaishia wiki ile ile ya harusi. Alidhani amehesabu vibaya. Alianza tena, na jibu likawa lile lile. Kisha akakumbuka kwamba hospitali nayo ni ya serikali, na maazimio ni ya serikali nzima. Lakini mpishi alikatwa Ijumaa, yeye Jumamosi; labda siku ya harusi mmoja wao angeonekana. Akauliza kama kila mtu atabaki na tarehe yake.

"Hapana, zimeunganishwa," afisa utumishi alisema. "Vibarua wote wa serikali watakatika siku moja, ili kurahisisha. Umegeuza ukurasa?"

Aligeuza. Ilikuwa Jumamosi ile ile iliyopigiwa vigelegele.

Alirudi jikoni, akajaza birika, akalibonyeza. Wakati maji yanaanza kuunguruma alimpigia mumewe simu.

"Kila kitu kiende kama tulivyopanga," alisema. "Ila waambie ukumbini, viti viwili vya mbele asikae mtu."